Weupe wa Mwali

Juzi binti yangu alirudi na kichupa cha mafuta ya nyonyo ya kupaka nywele, eti siku hizi wasichana wa mjini wameamua kuachana na madawa. Alipofungua kifuniko, ile harufu nzito, kama ya karanga zilizoungua kidogo, ilinirudisha Handeni moja kwa moja, kwenye chumba cha nyuma cha bibi yetu.

Kwetu, msichana aliyeposwa aliwekwa ndani. Miezi kadhaa hatoki, haendi kisimani, hashiki jembe. Bibi anamsinga kwa mafuta ya nyonyo aliyoyachemsha mwenyewe na kumlisha uji wa maziwa. Siku ya kumtoa, mashangazi wa bwana harusi huja kumtazama, na kama ameng'aa, vigelegele hupigwa mpaka majirani wa mbali wakasikia. "Amekuwa mweupe!" Hiyo ndiyo sifa iliyongojwa na nyumba nzima.

Dada yangu Zaina aliposwa na karani wa stesheni ya Korogwe. Lakini tulikuwa tumeshahamia kijiji cha ujamaa, na shamba la kijiji halikumjua mwali. Mwenyekiti, ambaye kwa kweli alikuwa mtu mpole, alimwambia mama, "Mama Zaina, nikimwachia wako, kesho kila nyumba itakuwa na mwali, hata ya mzee asiye na binti." Watu walicheka. Mama hakucheka.

Basi Zaina akapalilia pamba juani pamoja nasi, na siku ya kutolewa ikazidi kukaribia. Mama alichanganyikiwa. Alikwenda sokoni Manundu na mitetea yetu yote, akarudi na kikopo cha krimu aliyoambiwa humng'arisha hata anayeshinda shambani. Bibi alikinusa, akakirudisha.

"Kinanuka betri," alisema. "Mpakeni ng'ombe kwanza."

Hakuna aliyemsikiliza. Mwanzoni Zaina aling'aa kweli, nami nilimwonea wivu. Kisha jua likamkamata. Mashavu yaliiva, yakavimba, ngozi ikabanduka kama ya kiazi kilichochemshwa. Alilia bila sauti, kwa sababu kukunja uso kulimuuma. Mama alizunguka uani akisema, "Nimemuua mwanangu, jamani, nimemuua," na bibi, aliyekuwa na neno kwa kila jambo, alichemsha nyonyo kimya. Mafuta yale yalilainisha magamba. Rangi hayakuirudisha.

Mashangazi walikuja. Mkubwa wao alimfunua Zaina kanga usoni, akamtazama, akamfunika tena taratibu.

"Mmempaka nini mtoto huyu?"

Walikunywa chai, wakaaga kwa heshima, wakapanda basi la Korogwe. Hawakurudi tena. Niliogopa sana siku ile, kwa sababu mama aliendelea kuketi pale pale mlangoni hata baada ya vumbi la basi kutulia, na hakuna aliyethubutu kumwambia aingie ndani.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba krimu ile ilikuwa mbovu tu, na kwamba mahali fulani ilikuwapo nzuri. Nilikuja kuelewa nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza. Nilikaa ndani, nikala, nikalala, na jirani alipokuja kunipongeza akaniambia, "Umekuwa mweupe!" Nilijitazama kwenye kioo: rangi ilikuwa ile ile. Nilikuwa nimepumzika tu. Wale wasichana wa zamani nao hawakubadilika rangi. Walikuwa wamelala wakatosheka, wamekula wakashiba, bila mtu wa kuwatuma maji, labda kwa mara ya pekee maishani mwao. Hicho ndicho tulichokiita weupe, na hicho ndicho mama alichokwenda kukitafuta dukani.

Zaina naye alikuja kupumzika. Mwenyekiti alipouona uso wake, alikuja nyumbani mwenyewe kutoa ruhusa: binti asitoke juani, akae ndani.