Gia Upande wa Kulia

Tulipotua Malaga, Hispania, dada wa kaunta ya magari ya kukodi alitupa gari la gia. La otomatiki tuliloagiza halikuwepo. Mume wangu hajawahi kukanyaga klachi. Alijifunzia udereva Marekani, mjini Burnsville, Minnesota, kwenye maegesho ya maduka, na mpaka leo mguu wake wa kushoto hauna kazi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitaendesha mimi. Kaka yangu alinifundisha kwa pikapu ya kubebea mbao, kwetu Mafinga, Tanzania, kabla sijamaliza kidato cha nne.

Kaka huyohuyo ndiye tuliyekuwa tunamfuata. Anafanya kazi kwenye mashamba ya nyanya upande wa Almeria, na hatukuwa tumeonana tangu nihamie Marekani. Mimi ni mtu wa kuhamahama. Hukohuko Minnesota nimeishi Frogtown, nikaenda Hopkins, nikaishia Burnsville, na kila theluji ikianza kuyeyuka natamani kufunga mizigo tena. Lakini safari hii ilikuwa na sababu yake. Wanangu wawili, binti wa miaka minane na mdogo wake wa kiume wa mitano, walikuwa wanamjua mjomba wao kwa simu tu. Yeye hajui Kiingereza. Wao Kiswahili wanakielewa chote, ila wakijibu wanajibu Kiingereza, nami nakaa katikati natafsiri. Siku moja kaka alichoka.

"Mdogo wangu," aliniuliza, "hawa ni wapwa zangu au ni wateja wako?"

Alicheka, lakini siku hiyo aliaga mapema. Ndipo nikaamua twende. Nilichoogopa ni kwamba watoto wangekaa kwake wiki nzima kama wageni wa hoteli, kisha waondoke.

Shida ya gari ilianza kabla hatujatoka uwanja wa ndege. Kwetu usukani uko kulia, kwa hiyo nilizoea kubadili gia kwa mkono wa kushoto. Minnesota usukani uko kushoto, lakini gari linajibadilishia gia lenyewe. Hispania usukani uko kushoto na gia unabadili mwenyewe, kwa mkono wa kulia. Kila injini ilipolalamika, mkono wangu wa kushoto uliondoka kwenda kutafuta gia, ukagonga mlango. Paa! Mara nyingine uligusa swichi ya dirisha, kioo kikashuka na joto lote likaingia. Tulipofika Motril, mwanangu wa kiume alikuwa anasema "paa" hata kabla sijagonga.

Tulisimama kwenye kituo cha mafuta, tukala chapati nilizotoka nazo nyumbani, ngumu kidogo lakini zinaliwa. Nikawarudisha watoto tena kwenye somo la salamu: shikamoo mjomba, habari za kazi, sisi hatujambo. Walisema vizuri, kisha wakarudi kwenye Kiingereza chao.

"Waache, mama," mume wangu alisema. "Unawafundisha kama wanaenda kwenye usaili."

Baadaye yakatokea mashamba yaliyofunikwa nailoni nyeupe, bonde zima mpaka baharini. Mwanangu akapiga kelele kwamba theluji imeanguka. Alikuwa amevaa kaptura na jasho linamtoka.

Kaka anakaa juu ya kilima. Gari lilinizimikia katikati ya mpando, nikavuta hendibreki. Kaka akashuka mwenyewe kwa ndala, mvi zimemjaa, akainama dirishani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Na hawa?"

Walisema shikamoo kwa sauti ya chini. Akawauliza safari ilikuwaje. Binti akajibu neno moja la Kiingereza, akainamisha kichwa. Kaka akanitazama, akisubiri nitafsiri. Sikutaka kuanza vile. Nikawasha gari, nikapeleka mkono kwenye gia, nikagonga mlango.

"Paa!" akasema mwanangu.

"Nini hicho?" kaka akauliza.

Binti akashindwa kujizuia. "Mama anapiga mlango! Anatafuta gia. Gia iko huku, yeye anapiga mlango."

"Tangu wapi?"

"Tangu ndege!"

"Na dirisha inafunguka," mdogo wake akadakia. "Yenyewe!"

Kaka alishika paa la gari kwa mikono miwili, akacheka mpaka akakohoa. "Na ni mimi niliyemfundisha! Mama yenu aliparamia kichuguu na pikapu ya watu, mnajua?"

"Kichuguu ni nini?"

Badala ya kujibu alifungua mlango wa nyuma, akajibana katikati yao.

"Wewe dereva," aliniambia, "endesha. Sisi huku tuna mazungumzo."

Gari lilizimika tena kabla ya kufika juu. Nyuma wote watatu walisema "paa" kwa pamoja, kisha wakarudi kwenye kichuguu. Hakuna aliyeniomba nitafsiri.