Firigisi ya Mama Zawadi

Nilipokuwa mtoto kule Kashebere, hakuna aliyetembea kifua mbele kama jirani yetu Papa Kasole, mwindaji. Shingoni alivaa jino la chui, na kila jioni alitusimulia alivyomuua. Chui huyo, nadhani, alikufa kwa uzee.

Siku moja mchana, mvua ikinyesha, radi ilipiga jiko letu. Mama alikuwa ndani. Tulimwona kupitia mlangoni amelala chali, anapumua, na nyasi za paa zinashika moto kwa ndani. Kwetu aliyepigwa na radi haguswi mpaka mzee wa mila amwoshe kwa majani. Atakayemgusa kabla, radi itamfuata yeye.

"Musimuguse!" Papa Kasole alipiga kelele, akiwa nyuma ya mgomba. "Tungojee muzee!"

Mzee mwenyewe alikuwa ng'ambo ya mto. Nilimshika Papa Kasole mkono, nikamsihi, Mama ataungua. Akanikung'uta kama inzi.

"Mutoto, kwa muoga kunaenda kicheko, kwa shujaa kunaenda kilio."

Lo! Mama yangu anaungua, yeye ananitolea methali!

Mama Zawadi, muuza mihogo, alikuwa akikimbia hata chura. Ndiye aliyetupita akilia kwa sauti. "Yesu wangu, niko naogopa! Niko naogopa!" Huku akilia hivyo akamshika Mama makwapani, akamburuta mpaka kwenye matope. Paa likaanguka nyuma yao.

Mama alipopona, bibi yangu, tuliyemwita Koko, alichinja jogoo. Papa Kasole akawa wa kwanza kuketi, anangoja firigisi, maana kwetu firigisi ni ya mwanaume. Koko akaiweka kwenye sahani ya Mama Zawadi.

"Koko, ile haiko ya mwanamuke," Kasole akasema.

"Huyu alikuwa na hofu, na hofu iko ya kila muntu. Wewe ndiye muoga. Kula mchuzi."

Mpaka leo watu wema huniambia: msamehe, naye aliogopa tu. Hapana! Aliyeogopa ni Mama Zawadi. Kasole alimwacha mtu aungue, kisha akaja kudai nyama. Hilo silo kuogopa.

Mama Zawadi bado hujificha ngurumo ikilia, na radi haijamfuata. Kila tukichinja, firigisi inapelekwa kwake. Kasole bado anavaa lile jino. Nikikutana naye namwamkia, "Jambo, Papa," kwa adabu zote, na akija kwetu siku ya kuku, tunampa mchuzi.