Haradali ya Wageni wa Posa

Sisi watu wa mlima nyama choma yetu ni chumvi, basi. Ukiona kachumbari, ujue kuna wageni. Mimi haradali nilianza uzeeni, meno yalipopungua na mbuzi wa siku hizi wakawa wagumu, sijui wanakula nini. Zile mbegu ndogo nanunua Majengo, kwa mama mmoja mwenye kibanda karibu na msikiti, na nikienda huko sirudi haraka, kwa sababu chai yake iko na tangawizi na mimi chai kama hiyo siiachi nusu.

Haradali ni hivi. Unaponda mbegu kwa kinu, unaweka maji baridi, chumvi na asali kidogo. Ukionja hapo hapo haina kitu. Moto wake unakuja polepole, na unapanda puani, sio kwa ulimi. Ukifika pale unapotaka, unakamua limau, na moto unasimama hapo.

Sasa, mjukuu wangu alipata kijana, askari, kwao ni magharibi. Watu wake wakasema wanakuja Nyeri kutuona. Msichana akanishika mkono.

"Guka, huyo mjomba wake ndiye mwenye neno. Akikataa, imeisha. Tafadhali usiniaibishe."

"Mimi? Guka wako amewahi kuaibisha nani?"

Akaangalia kinu changu.

Mjomba alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mkubwa, suti nzito hata kwa jua. Aliwapita watu wote akaja nyuma ya nyumba, akanikuta kwa moto nikikoroga.

"Mzee, hiyo ni uji?"

"Ni haradali, mwalimu, ya kupaka nyama. Ngoja ikolee kwanza, nikamue limau."

Akachovya kidole, akalamba. "Ati haradali, na haina kitu! Na limau usiweke, inanichoma kifua. Lete hivyo hivyo."

Ungekuwa wewe, ungebishana na mwenye neno? Nikapeleka.

Nilitaka tule haraka, kabla moto haujapanda. Lakini mke wangu, na heshima zake, akamwomba mwalimu abariki chakula. Mwalimu akasimama. Akaombea mlima, akaombea miwa ya kwao, barabara, serikali, wajane. Nikafungua jicho moja nikaangalia bakuli. Harufu ilikuwa imeanza.

"Amina!" nikasema kwa sauti, nikidhani atashika.

"Na zaidi ya hayo, Baba," akasema, akaingia kwa wagonjwa.

Alipomaliza, alichukua ubavu, akachota haradali kama fundi anachota saruji, akauma.

Macho yake yakajaa maji. Akapiga chafya, akapiga ingine, miwani ikaangukia kachumbari. Mjukuu wangu akafunika uso na leso. Mimi nikajua posa imekwisha.

"Mzee," akasema, sauti imekwama. "Hii kitu ilikuwa imelala."

"Ilikuwa imelala, mwalimu. Ni wewe umeiombea."

Kijana askari ndiye alicheka wa kwanza, halafu mjomba mwenyewe, mpaka tumbo likatikisa meza. Akapangusa macho, akavuta bakuli karibu na yeye.

"Safari ijayo utaomba wewe. Na iwe fupi!"

Msichana alisikia "safari ijayo" tu. Akakimbia jikoni kuwaambia kina mama, na vigelegele vikaanza hata kabla mimi sijapata nyama yangu.