Fundi wa gemu na mashine ya watu wawili

Saa nne asubuhi, mwanamume wa miaka hamsini na tisa amelala chali kwenye sakafu ya ghala, tochi mdomoni, kichwa kikiwa ndani ya mashine ya gemu yenye ukubwa wa kabati la nguo. Dada yake mdogo, mshonaji, amesimama pembeni na mkoba kwapani.

"Kaka, unanunua gemu au jeneza?"

Anaitoa tochi mdomoni. "Jeneza ni la mtu mmoja," anajibu kutoka ndani. "Hili la wawili."

Wateja wake humwita Fundi. Ana ukumbi mdogo wa gemu za kulipia, zile za kusimama, zenye mpini na vitufe. Alikuwa na mashine kumi na moja. Zinazofanya kazi sasa ni nne. Hii anayoikagua ni ya ukumbi mwingine, uliofungwa mwezi uliopita. Asipoichukua kabla ya saa sita mchana, wanunuzi wa vyuma chakavu wataivunja.

Bei yake ni sawa na kodi ya ukumbi wa Fundi kwa miezi mitano. Konsoli ya nyumbani inayocheza gemu hiyohiyo ya ngumi, tena kwa picha safi zaidi, haifiki kodi ya mwezi mmoja.

Fundi habishi. "Mtu akiniuliza, namwambia anunue konsoli. Hii inakula umeme, inakula nafasi, na vipuri vyake unahangaika navyo mji mzima."

Yeye mwenyewe aliwahi kuufuata ushauri huo. Mwaka juzi, kioo cha mashine yake ya wachezaji wawili, ya aina hiihii, kilipoanza kufifia, alitoa kila kilichokuwa ndani, akaweka konsoli na televisheni bapa, akarudishia mbao, akapaka rangi ileile. Hakumwambia mteja yeyote.

Jumamosi iliyofuata alikuja mchomeleaji wa vyuma, mwenzake wa kucheza kwa miaka kumi na tisa. Walizoea kukutana kila Jumamosi saa tisa alasiri, wakasimama bega kwa bega na kucheza raundi kumi. Siku hiyo walicheza mbili.

"Akaachia mpini. Akasema, 'Umeitoa utumbo hii.' Nikacheka. Nikamwambia, 'Umezeeka wewe, mikono imechoka.'" Fundi anajivuta kutoka ndani ya mashine, anakung'uta vumbi. "Nilijua nilichofanya, nikaisingizia mikono yake."

Mchomeleaji alichukua kofia yake akaondoka. Hajarudi.

Baada ya hapo Fundi alipima. Alirekodi kidole na kioo kwa simu, picha sitini kwa sekunde, akazihesabu moja moja. Kwenye mashine ya zamani aliyobaki nayo wakati huo, ambayo sasa nayo imekufa, ngumi ilitoka picha nne baada ya kidole kugusa kitufe. Kwenye ile aliyoitia konsoli, picha tisa. Tofauti hiyo haifiki hata sehemu moja ya kumi ya sekunde.

"Alikuwa sahihi," anasema. "Mkono wake uliona kabla yangu."

Hana namba yake ya simu. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kumwuliza anaishi wapi, anachomelea karakana gani, wala ana watoto wangapi. Anachojua ni kwamba mwenzake huanza kila raundi kwa teke la chini, na kwamba huguna akikaribia kushindwa.

Fundi hana mke wala mtoto. Analala chumba cha nyuma ya ukumbi. Kila asubuhi huzikagua mashine za wawili kwa kucheza mwenyewe, upande huu kisha ule. "Kila siku nashinda," anasema, "na kila siku nashindwa."

Dada yake anasubiri ainame tena ndipo aseme kwa sauti ya chini: "Jumamosi ikifika saa tisa anazima redio, asikilize mlango. Anadhani sijui."

Saa tano na nusu muuzaji wa mashine anauliza kwa mara ya mwisho kama anaichukua. Fundi anabonyeza kitufe kimoja, anasikiliza mlio wake, anabonyeza tena. Kisha anatoa bahasha ya pesa.

"Na asiporudi?" dada anauliza.

"Basi nitakuwa na mashine nzima, mdogo wangu."

Wabebaji wanne wanaipandisha kwenye gari. Fundi anasema hataishia kusubiri. Jumatatu atafunga ukumbi, kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, azunguke kwenye karakana za kuchomelea, moja baada ya nyingine, akianzia zile za nyuma ya soko.

"Nikimkuta nitamwambia nilikosea," anasema. "Hapo ndipo pagumu. Sisi tumezoea kuongea tukiwa tunaangalia kioo. Usoni sijawahi kumtazama vizuri."