Salamu Katikati ya Magitaa

Juzi mjukuu wangu alifungulia magitaa ya umeme kwenye simu yake kwa sauti ya kupasua madirisha. Papo hapo nikajikuta utotoni, mtaa wa Jericho, Nairobi, katika nyumba yetu ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, Jumamosi alasiri, redio ya mbao ikitetemeka juu ya kabati mpaka vikombe vinagongana.

Aliyekuwa akipiga muziki huo redioni alikuwa baba yangu. Siku nyingine za wiki alisoma matangazo, lakini Jumamosi alikuwa na nusu saa yake mwenyewe, naye aliijaza muziki wa hevi metal. Kila wimbo aliutambulisha kwa adabu, kana kwamba anamkaribisha mkwe. Wenzangu walinicheka: "Buda yenu anacheza mabati." Mama naye, mtu wa taarabu, magitaa yakianza tu alitoka kwenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Kisha mkubwa wa baba kazini akamwambia kipindi hakina wasikilizaji, na kadi za salamu, zile ambazo wasikilizaji hutuma zisomwe hewani, zisipoonekana kufikia mwisho wa mwezi kitaondolewa. Baba alitueleza hayo kwa sauti ya kawaida, halafu chakula kikamshinda.

Kesho yake mama alinunua kadi, akavaa buibui, akanishika mkono tukapita mlango kwa mlango. "Nipeni majina tu, binti yangu ataandika," aliwaambia majirani. Nikaandika, ulimi nje: Mzee Kamau fundi viatu anamsalimu Mama Atieno wa sokoni, na watoto wote wa Jericho. Kadi zilipoanza kusomwa, mtaa mzima ulisikiliza, kila mtu akivumilia kelele huku akingoja jina lake. Punde wakawa wanatuma kadi zao wenyewe, na kipindi kikabaki.

Baba hakuuliza kitu. Ila siku moja mezani alisema, "Huyu Mzee Kamau ana mwandiko kama wa binti yangu." Mama akamwongezea mchuzi.

Kwa miaka mingi nilidhani mama alikuwa ameanza kuupenda muziki ule. Nilipomwuliza, nikiwa tayari mtu mzima, alisema hakuwahi kuustahimili hata siku moja.

"Kwani hujui baba'ko alikuwa akisoma matangazo gani?"

Ya vifo. Ndiyo maana mama alikuwa akizima redio kila jioni mara tu habari zikiisha, kabla baba hajaanza kusoma.

"Wiki nzima anataja marehemu," akasema. "Nikaona angalau Jumamosi awataje walio hai."

Namshukuru mama mpaka leo kwamba kalamu alinipa mimi.