Mwiko wa Mtarakwa

Nacheka nikisimulia, lakini aibu ya siku ile hunirudia kila nikisikia harufu ya penseli.

Mimi huchonga vijiko na miiko hapa Mosocho, na kwetu kila mtu anajua mwiko mzuri ni wa mpera, mti mgumu usio na harufu. Sasa dada yangu Moraa alikuwa anangoja wageni kutoka Sironga, watu wa kijana aliyetaka kumwoa, na ni yeye angewasongea ugali wa wimbi ili waone mkono wake. Akaniomba mwiko mpya. Mimi, kwa kupenda sifa (ugonjwa wangu huo), nikaona mpera una rangi ya uji tu, nikachukua kipande cha nguzo ya mtarakwa, chekundu, kinanukia, nikamchongea mwiko wa kupiga nao picha.

Wageni wakamega, wakatafuna polepole. Shangazi wa kijana akaweka tonge chini, akauliza kwa upole, "Moraa, mama, unga huu ulikaa wapi?"

Hapo ningenyamaza, lakini nikadakia, "Ni unga tu, shangazi, ile mashine ya kusaga ni chafu!" Mama akanikata jicho, maana unga aliuandaa mwenyewe, na kwa hasira akaazima mwingine kwa jirani, akamwambia Moraa asonge upya, naye Moraa, jasho likimtiririka, akasonga kwa nguvu zaidi, kwa mwiko uleule (jamani, uleule!).

Ugali ukaja umezidi kunukia. Baba wa kijana, mwalimu mstaafu, akanusa tonge, akafumba macho.

"Yaye! Hii harufu nimeishi nayo darasani. Ni penseli!"

Nikakumbuka kwamba hata penseli hutengenezwa kwa mtarakwa, nikatamani ardhi inimeze. Watu wote walicheka isipokuwa Moraa. Nilimfuata jikoni nikamkuta ameinama juu ya sufuria, analia.

"Kaka, si nilikuambia nataka wa mpera?"



Aliolewa, namshukuru Mungu, lakini kule Sironga wanamwita Mama Penseli, na yeye hacheki. Mtarakwa nimeuachia wenye kujenga ua, sitauchonga tena maishani. Juzi nilimpelekea mwiko wa mpera, hauna urembo wowote. Aliupokea kwa mikono miwili, akaunusa kwanza, ndipo akasema asante.