Panua Pua Kidogo

Katika miaka tisa ya kuwachorea polisi sura za wahalifu, Kache wa Tsofa aliambiwa na mashahidi zaidi ya mia mbili kwamba mwizi alikuwa na macho mekundu. Hakumwamini hata mmoja. Mtu akinyang'anywa simu pale Feri, akaporwa mkoba Mbaraki, au akaamka akakuta wavu wa dirisha umekatwa, mwizi daima alikuwa mrefu, mweusi, macho mekundu, sauti nzito. Watu wafupi hawakuiba popote Mombasa. Weupe ndiyo kabisa. Na mwenye sura ya upole, anayefanana na karani wa benki, huyo hata kupita karibu na wizi hakupita.

"Hawasemi walichoona," alimwambia bintiye Joy. "Wanasema walichokuwa wakikiogopa tangu hawajaibiwa."

Kazi yenyewe ilimjia kijinga. Alikuwa mchoraji wa vibao vya vinyozi huko Tononoka, vile vyenye vichwa vinne vya wanaume walionyolewa mitindo minne. Siku moja alipokuwa akichora kichwa cha tatu, alikosa sura ya kuweka, akaweka ya mwanamume mmoja aliyekuwa amekaa ng'ambo ya barabara akinywa chai. Kumbe yule bwana alikuwa akitafutwa kwa wizi wa pikipiki. Askari mmoja aliyekwenda kunyoa alikitazama kibao, akatoka nje, akakitazama tena, akakipiga picha. Siku ya tatu mtu huyo akashikwa Likoni. Kinyozi alilalamika wiki nzima kwamba wateja wanakiogopa kibao chake, na Kache akaanza kuitwa kituoni.

Hakuwa askari. Hakuwa na sare wala meza. Alipewa kibali cha karatasi na kiti katika chumba cha stoo, katikati ya baiskeli zisizo na wenyewe na redio zilizongoja kesi zilizokwisha kufa. Humo ndimo alimofanyia kazi ambayo hakuna mwengine kituoni aliyeiweza, na ambayo kila mtu kituoni alidhani angeiweza akipewa penseli.

Aliyedhani hivyo kuliko wote alikuwa Inspekta Morgan. Morgan alikuwa mtu wa viatu vinavyong'aa na mafaili yasiyosomwa. Kwake yeye, upelelezi ulikuwa ni kumpata mtu kwanza, kisha kuitafutia kesi sura inayomfaa. Shahidi akimaliza kueleza, Morgan huingia stoo, akainama juu ya karatasi, akanuka marashi yake, akasema, "Panua pua kidogo. Kaza taya." Na pua ikishapanuliwa, mchoro hufanana na mtu ambaye tayari yuko seli tangu jana.

Kache alimdharau, lakini hakuwa na haki ya kumdharau yeye peke yake. Katika mwaka wa kwanza alimtii mara mbili. Alipanua pua mbili. Tarehe za michoro hiyo alizijua kwa moyo, na kila alipojitazama kwenye kioo akisuka nywele alijisema maneno ambayo hangethubutu kumwambia Morgan.

Basi Jumatatu moja, baada ya alasiri, mtu aliyevaa barakoa na kofia ya chepeo aliingia katika duka la sonara huko Mji wa Kale akiwa na kisu. Duka lilikuwa la Mzee Yeslam, ambaye babu yake naye aliuza dhahabu pale pale. Mlangoni kulikuwa na kamera kubwa, nyeusi, ya kutisha, isiyounganishwa na waya wowote. Ndani alikuwamo Yeslam mwenyewe na mteja mmoja, mwalimu wa chekechea kutoka Mbaraki aitwaye Duha, aliyekuja kupimwa pete ya harusi. Mwizi alipoinama kuchukua sinia ya bangili, barakoa iliteremka hadi kidevuni. Duha alimwona uso mzima. Yeslam hakuona kitu, kwani alikuwa kishaingia chini ya meza ya vioo, akiwa amejifunika kichwa kwa daftari.

Lakini kufika magharibi, Yeslam aliyekuwa chini ya meza alikuwa amekumbuka mengi. Mwizi alikuwa mrefu. Mweusi. Macho mekundu.

"Kama hawa mahamali wetu," alimwambia Morgan. "Na leo adhuhuri Charo alileta mzigo hapa. Alitazamatazama."

Charo alikuwa akivuta mkokoteni Mji wa Kale tangu ujana wake. Alikamatwa usiku ule ule akila wali.

Asubuhi ya Jumanne Kache aliitwa. Alipokuwa akielekea stoo alipita mbele ya seli, akamwona mtu amechuchumaa peke yake, mikono juu ya magoti. Alimtazama mara moja tu, kama alivyomtazama kila mtu, na mara moja ilimtosha.

Duha aliletwa stoo. Alikuwa amevaa buibui iliyopigwa pasi vizuri na viatu viwili visivyofanana, jambo ambalo hakuwa amelijua mpaka Kache alipomwonyesha. Wote wawili wakacheka kidogo.

Kache hakumuuliza mwizi alikuwaje. Swali hilo ndilo lililozaa macho mekundu yote ya mji. Alimpa maji, akamuuliza pete ilikuwa ya namna gani. Duha akaieleza. Akamuuliza sinia ya bangili ilikuwa upande gani. Duha akanyoosha mkono, na mkono ulipofika pale sinia ilipokuwa, ukasimama.

"Nalimuona," alisema polepole. "Bi Kache, wallahi ntakwambia, hakuwa mtu wa kutisha. Alikuwa akitokwa na jasho. Mimi naliona haya badala yake."

"Jasho lilishukia wapi?"

"Hapa, ubavuni mwa pua. Pua nyembamba. Imepinda kidogo huku kushoto, kama aliyevunjika utotoni."

Kache alichora. Hakumharakisha. Duha alikuwa shahidi wa kwanza baada ya miezi mingi aliyeweza kusema "sijui" bila kuona haya: masikio hayajui, kofia ilifunika, nywele hazijui. Lakini nyusi alizijua, zilikaribia kukutana. Kidevu alikijua, kilikuwa na kishimo. Alikuwa kijana mweupe, wa miaka ishirini na kitu, midomo mikavu. Baada ya saa mbili Duha aliitazama karatasi, akarudisha kiti nyuma.

"Ndiye," alisema. "Subhanallah. Ndiye huyo."

Kache akamtaka atie sahihi nyuma ya mchoro, pamoja na tarehe na saa. Wino ulikuwa haujakauka Morgan alipoingia, na nyuma yake Mzee Yeslam, aliyekuja kuangalia kazi inaendaje, kana kwamba kituo ni fundi aliyempelekea saa.

Yeslam aliishika karatasi. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Rangi ilimtoka mashavuni.

Kache alimtazama yeye, akatazama karatasi, akamtazama tena. Pua ile nyembamba, imepinda kushoto. Nyusi zile zile. Kidevu cha mzee kilifichwa na ndevu za hina, lakini Kache hakuhitaji kukiona. Aliyekaa kwenye karatasi na aliyesimama mbele yake walikuwa wa nyumba moja. Na mzee alikuwa keshalijua hilo, tena anajua na jina.

"Siye," alisema Yeslam hatimaye. "Huyu binti aliingiwa na hofu, maskini. Hofu humwonyesha mtu mambo. Pua ilikuwa pana."

"Uliiona pua ukiwa chini ya meza?" Kache akauliza.

"Mama Joy," Morgan akasema kwa sauti ya kumtuliza mtoto, "hatujaja kuhojiana. Panua pua kidogo. Na hapa kolezea, mtu awe mweusi. Shahidi atatia sahihi tena."

"Mimi sitii," Duha akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini wote waliisikia.

Kache aliweka penseli chini. Baadaye Joy alimuuliza kama aliogopa, akasema hapana, alichoka. Alikuwa amechoshwa na marashi ya Morgan, na hofu ya mzee yule aliyejificha chini ya meza jana na leo akijificha nyuma ya mtu wa mkokoteni.

"Haya, nitapanua," alisema. "Nitamchora Charo mwenyewe, mfurahi. Mzee Yeslam, Charo amekubebea mizigo miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja. Kumi na miwili hivi."

"Basi unamjua. Nieleze sura yake."

Yeslam akamtazama Morgan. Morgan akatazama saa yake.

"Ni... ni mrefu kiasi," mzee akaanza. "Mweusi. Ana uso wa... wa kawaida, kama wao."

"Ana ndevu?"

"Anazo. Kidogo."

"Hana. Alama yoyote usoni?"

"Alama, hana."

Hapo Kache alisimama. Alikuwa mwanamke mfupi mnene, na ghadhabu yake haikumwongezea urefu, ila ilisogeza kila mtu hatua moja nyuma.

"Charo ni mfupi kuliko mimi," alisema. "Ana kovu la moto limeanza hapa shavuni likashuka hadi shingoni, limemvuta mdomo upande mmoja. Mtoto wa miaka mitatu angelikumbuka. Mimi nimempita leo asubuhi hatua tano tu. Wewe amekuingilia dukani miaka kumi na miwili, ametua mizigo miguuni pako, amekwambia asalaam aleikum, na hujawahi hata siku moja kuinua kichwa ukamtazama. Halafu unataka nimchore kwa maneno yako?" Akamgeukia Duha. "Mwalimu, uliyemwona alikuwa na kovu?"

"La. Uso wake ulikuwa safi."

Yeslam aliketi kwenye baiskeli moja isiyo na mwenyewe, ikaanguka naye. Hakuna aliyemwinua haraka.

"Wewe ni mkono tu," Morgan akamwambia Kache, akiinyoosha mikono yake mwenyewe kuichukua karatasi. "Mkono haufikiri. Lete hiyo."

Lakini Kache alikuwa keshafika mlangoni. Alikwenda moja kwa moja hadi kaunta ya mbele, alikokuwa askari mmoja wa kike aitwaye Purity, na mbele ya watu wanane waliokuja kuripoti mambo yao akamwambia aandike katika kitabu cha matukio: mchoro mmoja wa uso, umechorwa kwa maelezo ya shahidi aliyeona, sahihi ya shahidi iko nyuma, mtu aliyeko seli hafanani nao. Purity alimtazama Morgan aliyekuwa akija kwa kasi, akatazama watu wanane, akaandika. Akampa Kache namba. Mtu mmoja katika foleni akaipiga picha karatasi ile kwa simu, kwa umbeya tu, na umbeya wake ulifanya kazi kuliko ofisi nzima.

Morgan alimtaka Kache arudishe kibali. Kache akakiweka juu ya kaunta, akaenda zake nyumbani kupika.

Jumatano Yeslam alirudi kituoni na wazee wawili wa ukoo. Walisema kwa heshima kubwa kwamba bangili zimeonekana, kumbe ziliwekwa mahali pengine, na kwamba wanaondoa malalamiko. Kisu hawakukitaja. Morgan akafunga faili lile kama afungavyo mlango wa choo. Charo akatolewa kwa mlango wa nyuma. Hakuna aliyemwambia pole. Mkokoteni wake, uliobaki barabarani siku mbili, ulikuwa umekwisha chukuliwa.

Wiki ya pili Duha alimpigia Kache simu.

"Bi Kache, nalikwenda kuchukua pete yangu. Ukutani wametundika picha ya arusi ya kwao. Yuko pale, amevaa kanzu, anacheka. Nikauliza ni nani. Wakanambia Ayman, mwana wa dadake mzee. Amesafiri Ijumaa, kaenda Maskati kumsaidia ami yake kazi."

"Umefanya nini?"

"Nimewarudishia pete. Nimewambia mwenye kunioa atanunua kwengine. Sasa mimi nalisema kweli ya nini, ikiwa hakushikwa mtu?"

Kache alifikiri kumpa jibu tamu, akaona haya.

"Kuna mtu aliachiliwa," alisema. "Mjini hapa hilo si haba, mwanangu. Lakini si haki, usije ukakubali mtu akuambie ni haki."

Yeslam alimtumia Charo salamu kwamba kuna mzigo unangoja. Charo hakwenda. Aliazima mkokoteni wa binamuye akawa anabeba mizigo ya duka la vitambaa lililo mkabala, na mara nne kwa siku hupita mbele ya mlango wa sonara, taratibu, akiwa amegeuza upande wa kovu. Husemekana mzee sasa humwona vizuri sana.

Miezi mitatu baadaye mke wa mkubwa mmoja aliporwa mkufu barabarani, mchana kweupe, na ghafla kituo kikakumbuka kwamba penseli haichori peke yake. Morgan alijaribu askari wawili. Mmoja alichora kitu kama kiazi chenye masharubu. Purity akatumwa kwa Kache na kibali kipya, kimepigwa plastiki.

Kache alikisoma mbele na nyuma. Akasema atakuja kwa masharti: shahidi na yeye, basi, mlango ufungwe, na mchoro uandikwe kitabuni kabla ya inspekta yeyote kuutia macho. Purity alirudi na jibu kabla chai haijapoa. Wamekubali yote.

Siku ile mke wa mkubwa aliketi kwenye kiti cha stoo, akapangusa jasho kwa leso ya hariri, na kabla hajaulizwa lolote akasema mwizi alikuwa mrefu, mweusi, macho mekundu.

"Bila shaka," Kache akasema, akamsogezea glasi ya maji. "Hebu kwanza niambie mkufu ulikuwaje."

Nje, Inspekta Morgan alikaa kwenye benchi la ukumbini pamoja na watu waliokuja kuulizia jamaa zao walioshikwa, viatu vyake vikikanyagwa na kila aliyepita, akingoja aitwe.